Mtoto wa Mashaka Ana Mama

Kila ifikapo tarehe 19 Aprili, wako watu katika miji ya Ulaya na Marekani wapandao baiskeli kwa kumwadhimisha mkemia. Ada hiyo ilianzishwa mwaka 1985 na mwalimu mmoja wa chuo kikuu katika jimbo la Illinois, nayo imeenea hata siku hizi ina mabango yake na fulana zake. Mkemia anayeadhimishwa ni Albert Hofmann, Mswisi aliyezaliwa Baden tarehe 11 Januari 1906 na kufariki tarehe 29 Aprili 2008, umri wake ukiwa miaka 102. Yeye ndiye aliyeiunda LSD. Wafuasi wake humwita baba. Maadui zake nao humwita baba, ila wao hulitamka neno hilo kwa kulaani. Mimi nina ugomvi na makundi yote mawili, na ugomvi wangu ni juu ya neno hilohilo wanaloafikiana.

Neno lenyewe alilianzisha Hofmann. Mwaka 1979 alitoa kitabu kwa Kijerumani, akakiita LSD – Mein Sorgenkind. Kijerumani changu ni cha kuokoteza, kama elimu yangu yote; nilikisoma kitabu kwa Kiingereza, kisha nikalifuata neno hilo moja katika kamusi. Sorge ni wasiwasi, mashaka. Kind ni mtoto. Wafasiri wa Kiingereza waliandika maneno yenye maana ya mtoto mwenye kasoro, mtoto msumbufu, na kwa hivyo lawama ikamwangukia mtoto. Mimi ningeandika “mtoto wa mashaka”: yule ambaye mzazi hapati usingizi kwa ajili yake, kwa kuwa ametoka na hajui atarudi katika hali gani. Katika Kijerumani wasiwasi ni wa mzazi. Tofauti hii si ndogo, maana wahenga wetu walikwishaamua kesi ya namna hii: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi tuulize ni nani aliyemlea mtoto huyu. Na kabla ya hapo tuulize swali ambalo wapanda baiskeli hawaliulizi: mama yake ni nani?

Najua nami nitaulizwa barazani, mshairi wa visiwani ana haja gani na LSD, ilhali vijana wetu wanamalizwa na unga? Swali ni la haki. Unga huo, heroini, nao ulipitia maabara: kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliuuza tangu mwaka 1898 kuwa dawa ya kikohozi, na mkemia aliyewatengenezea mwaka 1897 aliitwa Felix Hoffmann, kwa herufi f mbili. Asichanganywe na huyu wangu. Wala LSD si unga. Haimfungi mtu kwa arosto. Ina hatari zake nyingine: huweza kumtia mtu khofu kubwa isiyo na mfano, na kwa mwenye asili ya maradhi ya akili huweza kuyaamsha. Sijaionja, na simshauri mtu aionje. Lakini lugha yetu imevitia vyote katika kapu moja, “dawa za kulevya”, na kapu likishafungwa hakuna anayechungulia. Mimi nataka tuchungulie, kwa sababu humo mna jambo linalotuhusu sana sisi wenye bibi na babu waliojua miti. Elimu ya dawa inapotoka mikononi mwa mwenye kuijua, ikaingia mikononi mwa mwenye kuimiliki, hupotelewa na nini njiani?

Tuanze na asili. LSD imetokana na agoti, ukungu mweusi uotao juu ya masuke ya rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano. Kwa karne nyingi mkate uliosagwa pamoja na ukungu huo uliwaua watu wa Ulaya kwa maelfu, viungo vikiwakauka na kukatika. Lakini walikuwako watu walioujua ukungu huo kwa namna nyingine. Katika kitabu cha miti cha Adam Lonitzer, tabibu wa Frankfurt, kilichotoka mwaka 1582, imeandikwa kwamba wakunga walikuwa wakiutumia kuuharakisha uzazi. Hofmann mwenyewe anaitaja habari hiyo katika kitabu chake, wala haifichi. Kabla ya kuwako maabara, walikuwako wanawake waliojua punje ngapi, saa gani, na kwa mzazi gani.

Utabibu rasmi uliichukua elimu hiyo baada ya mwaka 1808, pale daktari John Stearns wa jimbo la New York alipoitangaza kwa wenziwe. Yaliyofuata yanatosha kuwa onyo. Dawa ilichukuliwa, lakini kipimo kilibaki kwa wakunga. Madaktari wakawapa wazazi kwa kukisia, na watoto wakafa matumboni, hata ilipofika mwaka 1824 daktari mwingine wa New York, David Hosack, akashauri agoti isitumike tena kuharakisha uzazi, itumike tu kuzuia damu baada ya mtoto kutoka. Miaka kumi na sita ya makaburi madogo, kwa sababu waliochukua kitu hawakumchukua na mwenye kukijua.

Kwa njia hiyo ya kuzuia damu agoti imetufikia hata sisi. Katika karne ya ishirini wakemia walitoa ndani yake kiini kiitwacho ajometrini. Hofmann, aliyeajiriwa na kampuni ya Sandoz mjini Basel mwaka 1929, ndiye aliyekiunda kwa mikono katika maabara, kisha akakitengeneza kidugu chake kilichouzwa kwa jina la Methergine. Ajometrini imetumika miaka mingi katika wodi za wazazi za Afrika Mashariki. Wako wanawake wanaotembea leo katika vichochoro vyetu waliorudi nyumbani na watoto wao kwa sindano hiyo. Hakuna anayepanda baiskeli kwa ajili yake. Laiti Hofmann angekufa mwaka 1942, tungekuwa na haki ya kumwombea dua, na ulimwengu usingelijua jina lake.

Yaliyobaki yanajulikana, nitayapita upesi. Tarehe 16 Novemba 1938, akitafuta dawa ya kuamsha pumzi na mzunguko wa damu, Hofmann aliunda kitu cha ishirini na tano katika mfululizo wake. Wanyama waliojaribiwa walihangaika kidogo, na wakuu wakaona hakina faida, kikawekwa kando. Miaka mitano baadaye alikirudia, kwa hisia tu, asemavyo. Tarehe 16 Aprili 1943 kilimgusa bila ya kukusudia. Tarehe 19, siku ya Jumatatu, alikunywa kwa makusudi robo ya miligramu, akidhani ni kiasi kidogo kabisa. Alipoanza kuzidiwa alirudi nyumbani kwa baiskeli, kwa kuwa wakati wa vita magari yalikuwa haba. Jirani aliyemletea maziwa alimwona kuwa mchawi. Alidhani anakufa au ameingia wazimu, kisha asubuhi akaamka mzima, na bustani yake ikimeremeta kama iliyoumbwa usiku ule.

Hiyo ndiyo hadithi inayosherehekewa, na ndani yake mna mtu wa pili. Hofmann hakurudi peke yake. Msaidizi wake wa maabara, msichana aliyeitwa Susi Ramstein, alikwenda naye njia nzima mpaka akamfikisha nyumbani. Mwaka huohuo naye aliijaribu LSD, kwa kiasi kidogo zaidi na cha busara zaidi. Tazameni picha za mabango ya Aprili: mtu mmoja, baiskeli moja, milima na nyota. Sijaona bango lililochora baiskeli mbili.

Sasa tuje kwenye malezi. Kuanzia mwaka 1947 Sandoz iliipa LSD jina la Delysid, ikaigawa kwa watafiti bila malipo. Maelezo yake yalisema itumike kutibu roho zilizofungika, na tena matabibu wa akili wainywe wenyewe wapate kuujua wazimu kwa ndani. Wako waliofanya kazi ya uangalifu. Lakini mlezi mwingine alikuwa mlangoni. Mwaka 1953 Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, lilianzisha mpango wa siri ulioitwa MK-ULTRA, likawanywesha watu LSD pasi na wao kujua: wafungwa, wagonjwa, hata watumishi wa serikali. Novemba mwaka huo Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi, alitiliwa ndani ya kinywaji. Siku tisa baadaye akaanguka kutoka dirisha la hoteli mjini New York, akafa. Ahali zake hawakuambiwa habari ya kinywaji kile mpaka mwaka 1975. Miaka miwili kabla ya hapo, mkuu wa shirika, Richard Helms, alikwishaamuru hati za mpango zichomwe.

Kisha ikaja miaka ya 1960, vijana wakaimwaga njiani kama maji. Sandoz iliacha kuitoa mwaka 1965. California ikaipiga marufuku mwaka 1966. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukaifungia dunia nzima. Serikali zile zile zilizowanywesha watu gizani ndizo zilizosimama juu ya mimbari kumhukumu mtoto. Nawaambia wanaomlaani Hofmann: lawama yenu mmeipeleka nyumba siyo. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu.

Wanaomtukuza nina la kuwaambia pia, nalo liko Mexico.

Katika milima ya Oaxaca, katika mji wa Huautla de Jiménez, aliishi mganga wa kabila la Wamazateki aliyeitwa María Sabina. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitibu kwa kuimba usiku kucha, yeye na mgonjwa wakiwa wamekula uyoga fulani, na uyoga huo aliuita watoto: watoto watakatifu. Msomaji na alione jambo hilo kama nilivyoliona mimi, kwa mshituko. Mkemia wa Basel na mganga wa Huautla, kila mmoja kwa lugha yake, walikiita walichonacho mtoto. Kwa mmoja ni mtoto wa mashaka. Kwa mwengine ni mtoto mtakatifu. Tofauti iko katika malezi. Watoto wa María Sabina walikuwa na saa yao, nayo ni usiku. Walikuwa na sababu yao, nayo ni ugonjwa. Hakuna aliyewala kwa kujiburudisha. Na walikuwa na mtu aliyekesha nao.

Mwaka 1955 alifika kwake R. Gordon Wasson, mkuu katika benki ya J.P. Morgan na mpenda uyoga. Ili apokelewe, alisema ana wasiwasi na mwanawe aliye mbali, angependa kujua hali yake. María Sabina akampokea, kwani mgeni mwenye shida hafukuzwi. Mwaka 1957 Wasson aliyachapisha aliyoyaona katika jarida la Life, lililosomwa na mamilioni. Alimficha mganga kwa jina la kubuni, lakini pazia hilo halikudumu. Wageni wakamiminika Huautla kwa mamia kumtafuta Mungu kwa mkato. Polisi wakaja nyuma yao. Wanakijiji wakamwona María Sabina kuwa ndiye aliyeiuza siri, na nyumba yake ikachomwa moto. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji hakupona. Uzeeni alisimulia kwamba tangu wageni walipokuja watoto wake walipoteza nguvu zao, wala hawatazipata tena. Alifariki mwaka 1985, maskini kama alivyozaliwa.

Hofmann anaingia hapa. Uyoga huo ulioteshwa Paris na mtaalamu Roger Heim, na gramu mia za uyoga mkavu zikapelekwa Basel. Majaribio ya wanyama hayakusema kitu, basi Hofmann akala mwenyewe uyoga 32. Tangu hapo yeye na wenziwe walikijaribu kila kipande juu ya miili yao mpaka, mwaka 1958, wakaipata nguvu ya uyoga ikiwa fuwele nyeupe, wakaiita silosibini. Sandoz ikaitengeneza kwa vidonge na kujipatia hataza.

Lakini mwaka 1962 Hofmann alifanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko baiskeli, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alisafiri na mkewe pamoja na Wasson, akapanda milima ya Wamazateki mpaka kwa María Sabina, akamkabidhi vidonge. Msimu wa uyoga ulikuwa umepita. Mganga alivimeza usiku ule, akangoja. Vilichelewa, akanung'unika kidogo. Kisha vikafanya kazi, akaimba mpaka alfajiri. Kulipokucha alitoa hukumu yake: nguvu ya vidonge ni ile ile ya uyoga, hapana tofauti. Alishukuru alipoachiwa kichupa, kwa kuwa sasa angeweza kuwatibu watu hata usiokuwa msimu.

Mimi ni mfasiri, na naitazama safari ile kwa jicho la kazi yangu. Mkemia naye ni mfasiri. Hofmann alilichukua neno la Kimazateki, neno la nyama na udongo, akalitia katika lugha ya fuwele. Wafasiri wengi, wakimaliza, huenda kwa mchapishaji. Yeye alikwenda kwa mwenye neno, akamweka kuwa hakimu: je, ndivyo? Alimwendea mwanamke asiyejua kusoma, ilhali yeye ana shahada ya udaktari ya Zurich, akaungoja uamuzi wake mpaka alfajiri. Hiyo ndiyo adabu ya elimu, na kama mtu huyu ana urithi unaostahili kusherehekewa, basi ni huo.

Walakini simpi utakatifu. Hukumu alipewa, na malipo ya hukumu yalikuwa kichupa. Hataza zilibaki Basel. Jina la María Sabina halikuingia katika hati ya umiliki, wala sentimo ya silosibini haikupanda ule mlima kumjengea nyumba iliyoungua. Hofmann hakuwa mwenye kampuni, alikuwa mwajiriwa, hilo nalikubali. Hata hivyo aliishi miaka arubaini na sita baada ya usiku ule, na sauti yake ilisikilizwa duniani. Aliitumia, tena kwa ujasiri, kumtetea mtoto wake. Laiti angeitumia kwa nguvu hizo hizo kumtetea na mama.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Si ya kale hata kidogo. Mlango uliofungwa mwaka 1971 unafunguliwa. Uswisi iliruhusu upya utafiti wa LSD kwa wagonjwa waliokaribia kufa, mara tu kabla ya Hofmann mwenyewe kufariki. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitambua silosibini kuwa tiba yenye matumaini ya pekee kwa huzuni kuu isiyosikia dawa. Mwaka 2023 Australia iliwaruhusu matabibu wa akili waliopewa idhini waitumie. Mimi sina ugomvi na wagonjwa. Aponaye na apone. Lakini mwisho wa mwaka 2019 kampuni moja ya Uingereza ilipewa hataza Marekani kwa namna fulani ya fuwele ya silosibini. Ati ni uvumbuzi! Kitu kilichoimbwa Huautla kabla Basel haijawa na maabara, leo kina mwenyewe mwenye hati. Mwezi Mei 2024 mataifa yalipitisha mkataba mjini Geneva, wa kumtaka mwombaji wa hataza ataje alikoipata mali ya asili na elimu iliyokuja nayo. Ni hatua. Lakini kumtaja mtu si kumlipa, na Wamazateki wamekwishatajwa vya kutosha.

Sasa nitasema la kwangu, maana sipendi kuwanyooshea wengine kidole nikiwa nimekificha cha kwangu.

Mwaka 1989 nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa kisiwani Pemba, nimejifunza Kiingereza kwa redio na kamusi iliyokosa jalada. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga na mjuzi wa miti. Alikuja mtafiti kutoka Ulaya, akanitaka niwe mkalimani wake. Kwa siku sita tulifuatana na bibi vichakani. Kila mti aliupigia hodi kabla ya kuuchuma, na mgeni akaandika katika daftari: jina, jani, mzizi, ugonjwa. Siku ya tatu mimi mwenyewe niliona hodi zile zinatuchelewesha, nikaacha kuzifasiri. Siku ya mwisho bibi alikaa kizingitini akaniambia, “Mume wangu, muulize mgeni wako, atarudi lini kunambia dawa zangu zimekuwaje huko?”

Niliona haya. Niliona ni swali la kizee, la mtu asiyejua ulimwengu unavyokwenda. Nikamgeukia mgeni, nikamwambia bibi anakutakia safari njema. Akatabasamu, akanipa saa ya mkono. Hakurudi. Bibi alikaa miaka minane zaidi, na mara mbili tatu aliniuliza kama kumekuja barua.

Kwa hivyo ninapowaambia wapanda baiskeli kwamba Hofmann alikuwa mkubwa siku aliyopanda mlima kuliko siku aliyopanda baiskeli, sisemi kwa kiburi. Nasema kwa kuwa alilibeba swali ambalo mimi nililimeza. Wenye hataza wa leo hawalibebi, na hata sisi wa visiwani, tunaokwenda mashamba na vinasa sauti kukusanya dawa za wazee kwa ajili ya tasnifu na makongamano, aghalabu hatulibebi. Tunaandika jina, jani, mzizi, ugonjwa. Hodi tunaziacha.

Sherehe ya Aprili na iendelee, lakini wachoraji wa mabango waongeze baiskeli ya pili, na mlima, na mwanamke aliyekesha. Wenye hataza wapande Huautla wakaulize, na wakishaulizwa wao walipe. Na wewe kijana mwenzangu wa kalamu, utakayeajiriwa kesho kuwa mkalimani wa mtafiti, fasiri yote, hata unayoyaonea haya.

Daftari la siku zile sita lazima liko mahala, katika kabati la chuo fulani. Kama mwenyewe yu hai, na kama ipo siku mtu atamsomea kurasa hizi, basi namletea swali lake baada ya miaka yote hii, nikiwa nimelifasiri kama lilivyosemwa: atarudi lini kutuambia dawa zetu zimekuwaje huko?